Plagi ya Tano

Fundi alizipanga plagi sita juu ya kipande cha gazeti, kwa mpangilio ule ule wa silinda zilikotoka, kisha akaivuta ya tano kando na wenzake. Ilikuwa Jumamosi jioni, chini ya mwembe wa gereji yetu hapa Tabora, na giza lilikuwa limekaribia kiasi kwamba alilazimika kuwasha tochi ya simu ili niione vizuri. Kauri yake ilikuwa nyeupe kuliko za nyingine tano. Juu ya weupe huo palikuwa na vidoa vya rangi ya fedha, vidogo kuliko chembe za chumvi, ambavyo mtu asiyeizoea kazi hii angeweza kuvifuta kwa kidole akidhani ni vumbi.

"Unaijua hii?" aliniuliza.

Niliijua. Ilikuwa aluminiamu, na ndani ya silinda mahali pa kwanza inapotoka aluminiamu ya namna ile ni kichwa cha pistoni.

Gari lenyewe lilikuwa bado linawaka kwa kuzungusha ufunguo mara moja. Halikutoa moshi, halikugonga, halikupungukiwa na nguvu. Mpwa wangu, mwenye gari, alikuwa amesimama hatua chache kutoka pale, akisubiri tumwambie kwamba kila kitu kiko sawa ili aondoke.

Majuma matatu kabla ya jioni ile alikuwa ameniuliza swali moja tu, kuhusu gesi ambayo vijana huiingiza kwenye injini ili kuiongezea nguvu: "Mjomba, naitrasi ni salama?" Nami, nikiwa nimeinama chini ya dashibodi ya gari la mtu mwingine, nilimjibu bila kuinua kichwa.

"Ni salama, ikifungwa vizuri."

Aliyeifunga ni mimi. Mimi ni fundi umeme wa magari, na kila waya uliotoka kwenye betri ya gari lile, Toyota Mark II, hadi kwenye solenoidi za naitrasi, yaani vali zinazofunguliwa kwa umeme, ulipita mikononi mwangu. Ndiyo maana jibu lile limenikalia kooni hadi leo, na ndiyo maana naandika.

Hewa ya huku kwetu

Sitaki kuanza kwa kuwalaumu vijana. Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho hewa ni nyepesi kwa takribani asilimia 13 ikilinganishwa na ya pwani. Injini isiyo na taabo, kifaa cha kuisukumia hewa, huvuta kile inachokipata. Injini ya gari lile, 1G-FE ya lita 2, ambayo ilitoka kiwandani Japani ikiwa na nguvu za farasi 160, ikifika huku hubaki na takribani 140, hata kama kila kitu ndani yake ni kizima. Kijana aliyewahi kuliendesha gari lile lile Dar es Salaam anaposema kwamba huku limekuwa zito, anasema kweli.

Naitrasi inaingia hapo. Watu wengi huidhania ni mafuta, tena mafuta makali. Yenyewe haiwaki. Ni gesi ambayo karibu asilimia 36 ya uzito wake ni oksijeni, wakati hewa tunayovuta ina asilimia 23 hivi kwa uzito. Inaingia kwenye injini ikiwa ya kimiminika, inachemka papo hapo kwa sababu kiwango chake cha kuchemka ni nyuzi 88 chini ya sifuri, inaipoza hewa iliyo njiani, kisha joto la ndani ya silinda linaivunja na oksijeni inaachiliwa. Wajerumani waliitumia katika ndege zao za kivita wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kwa sababu ile ile inayomvutia mpwa wangu: huko juu hewa ilikuwa haitoshi.

Oksijeni hiyo inadai petroli yake. Kwa hewa ya kawaida, kilo moja ya petroli inahitaji karibu kilo 14.7 za hewa ili iungue yote. Kwa naitrasi, kilo ile ile moja inamalizwa na kilo 9.6 hivi, na watengenezaji wa vifaa hivi huongeza petroli zaidi ya hapo kwa makusudi ili silinda zisipate joto la kupita kiasi. Kila naitrasi inapoingia, petroli ya kuisindikiza lazima iwe imefika. Ikichelewa au ikipungua, joto linapanda mno, na chuma laini kilicho karibu ndicho kinacholipa.

Hayo yote niliyajua siku niliyojibu "ni salama". Kuyajua hakukunisaidia, kwa sababu sikuwa nimeyahamisha kutoka kichwani kwenda kwenye nyaya.

Kitufe kimoja

Mpwa wangu alitaka kitufe kwenye gia. Aliwahi kukiona mahali, akakipenda, na mimi nikampa. Umeme ulitoka kwenye betri, ukapita kwenye fyuzi na relei, ukaingia kwenye solenoidi mbili, moja ya naitrasi na moja ya petroli. Ukikibonyeza zote zinafunguka, ukikiachia zinafunga. Kazi ilikuwa safi: viungio vilichomelewa kwa risasi, nyaya zilipitishwa ndani ya mpira, hakuna kilichogusa chuma. Mtu angeipiga picha.

Usafi huo ndio ulionidanganya. Nilidhani kufunga vizuri ni kufunga waya usiokatika, wakati swali la msingi lilikuwa ni nani mwingine, mbali na kidole cha kijana wa miaka 24, mwenye uwezo wa kukataa.

Tuchukue mfano wa mzunguko wa injini. Kitufe kile kingebonyezwa gari likiwa kwenye mizunguko 1,500 kwa dakika, injini ingekuwa inameza polepole kile ambacho nozeli, mdomo wa kunyunyizia, inamwaga kwa kasi. Petroli ingetuama ndani ya manifoldi ya kuingizia hewa, imezungukwa na naitrasi, na cheche moja iliyorudi kupitia vali ambayo bado haijafunga ingetosha kuipasua manifoldi hiyo na kuwasha moto chini ya boneti. Kifaa cha kuzuia hilo kipo. Ni swichi inayosoma mizunguko ya injini na kuruhusu umeme kupita kuanzia, tuseme, 3,000 hadi 6,000, ili pia naitrasi ikatike kabla ya kompyuta ya gari kuanza kukata petroli injini inapozidi kasi. Sikuifunga.

Au tuchukue throto, mlango wa hewa ya injini. Naitrasi inapaswa kuingia mlango wa hewa ukiwa wazi kabisa, mguu umekanyaga mafuta hadi mwisho, na si vinginevyo. Swichi yake ni ndogo, haigharimu sana, inakaa pembeni mwa throto na kubonyezwa na mkono wake unapofika kikomo. Hiyo pia sikuifunga, kwa kuwa kitufe kwenye gia kilionekana kinatosha.

Ya tatu ndiyo inayoniuma. Ni swichi ya presha ya petroli, ambayo hukaa kwenye njia ya petroli na kuikata naitrasi mara presha inaposhuka. Mark II ya umbo lile ilitengenezwa kuanzia mwaka 2000 hadi 2004. Pampu iliyomo ndani ya tangi lake imefanya kazi miaka zaidi ya 20, sehemu ya miaka hiyo ikisukuma petroli ambayo hakuna ajuaye ilichakachuliwa mara ngapi njiani. Kuiamini pampu hiyo, bila mlinzi, kwamba haitachoka hata sekunde moja wakati inapodaiwa petroli kuliko ilivyowahi kudaiwa, ni jambo ambalo nisingelikubali kwa gari langu mwenyewe.

Nililikubali kwa gari la mtoto wa dada yangu.

Jua la saa nane

Nilipoiona plagi ya tano nilikimbilia kuilaumu pampu. Fundi hakukubali. Aliipima presha ya petroli gari likiwa limesimama, kisha likiendeshwa kwa mzigo, na presha haikuyumba. Solenoidi ya petroli ilifunguka kama inavyopaswa. Jeti tulizoweka, yaani vitundu vinavyopima kiasi cha naitrasi na petroli kinachopita, zilikuwa zile za kuongeza nguvu za farasi 50, ndogo kuliko zote zilizokuja ndani ya boksi, na hazikuziba.

Tulikaa juma zima bila jibu. Kila siku nilikuwa napita mbele ya gari lile, limeegeshwa uani, buti limefungwa, mtungi uko ndani.

Ilikuwa mwezi wa Oktoba. Wanaoishi huku hawahitaji kuelezwa Oktoba ya Tabora kabla ya mvua ya kwanza. Siku moja mchana, nikitafuta spana niliyoisahau, nilifungua buti, na joto lililonipiga usoni lilinifanya nirudi nyuma. Nikaitazama geji ya mtungi. Asubuhi, wakati wa kufunga vifaa vile, ilikuwa imesoma karibu paundi 900 kwa inchi ya mraba. Sasa mshale ulikuwa umevuka 1,200.

Hapo ndipo mambo yalipokaa mahali pake. Jeti huchaguliwa kwa kudhani kwamba mtungi una presha ya kati ya paundi 900 na 950 hivi. Naitrasi ina kikomo chake cha joto, nyuzi 36.4, ambacho ikikivuka haiwezi tena kukaa kama kimiminika, hata uibane kiasi gani. Ndani ya buti lililofungwa, juani, nyuzi 36 hupitwa kabla ya adhuhuri. Mtungi ukiwa umejaa, presha yake hupanda kwa kasi kuanzia hapo, na naitrasi inayopita kwenye tundu lile lile la jeti inakuwa nyingi kuliko ilivyokusudiwa. Petroli haina habari na joto la buti. Presha yake inabaki ile ile, na kiasi chake kinabaki kile kile. Mtungi ulio nusu unaweza kufanya kinyume chake, ukatoa naitrasi hafifu na injini ikabaki na petroli ya ziada, jambo ambalo linaeleza kwa nini mpwa wangu alikuwa akisema kwamba siku nyingine gari "linaamka" na siku nyingine linasuasua.

Maelekezo yaliyokuja na vifaa vile yalikuwa na ukurasa mzima kuhusu namna ya kuupasha mtungi joto. Yaliandikwa kwa ajili ya watu wenye baridi. Nililiruka lile la kupasha joto kwa kuona halituhusu, na sikujiuliza kwamba, kama presha ni jambo linalohitaji ukurasa mzima kwa mtu wa nchi ya baridi, huenda kwetu linahitaji ukurasa wake mwingine ambao hakuna aliyeuandika.

Na kwa nini silinda ya tano peke yake? Hilo alinieleza fundi. Nozeli yetu ilikuwa moja, mbele ya throto, ikinyunyizia silinda zote sita. Manifoldi ya gari lile ilichorwa ili ipitishe hewa kavu, na hewa hupinda kona bila shida. Matone ya petroli ni mazito, hayapindi kwa wepesi huo, kwa hiyo silinda moja hupata zaidi na nyingine hupunjwa. Siku ya presha ya kawaida tofauti hiyo inavumilika. Siku ya paundi 1,200, iliyopunjwa inaungua.

Aliyoyasema fundi kuhusu ringi

Fundi wetu ni mtu wa maneno machache, na aliyoyasema jioni ile niliyaandika nyuma ya risiti kwa hofu ya kuyasahau. Alisema kwamba watu wote huuliza naitrasi inaongeza nguvu kiasi gani, na hakuna anayeuliza joto hilo litakwenda wapi. Ringi ya juu ya pistoni, duara la chuma linaloizunguka, ina mwanya mdogo kati ya ncha zake mbili. Ringi ikipata joto hurefuka. Mwanya ukiisha, ncha zinakutana, ringi inakosa pa kwenda, na kinachovunjika ni ukingo wa pistoni unaoishikilia. Pistoni za kiwandani za gari la kawaida ni za kusubu. Hubeba kazi yake kwa miaka mingi, ila hazipendi kushtuliwa.

"Hamsini inavumilika," alisema. "Mia ni kununua injini nyingine."

Kisha akataja mengine mawili kwa haraka kwa sababu kwake hayana ubishi. La kwanza ni plagi zenye baridi zaidi ya zile za kiwandani kwa daraja moja, na mwanya wake upunguzwe kidogo. La pili ni taimingi, yaani wakati wa cheche kuwaka, ambayo inarudishwa nyuma takribani nyuzi 2 kwa kila nguvu za farasi 50 zinazoongezwa, kwa kuwa mchanganyiko wenye naitrasi huungua haraka na ukiwashwa mapema unaisukuma pistoni wakati bado inapanda. Kwenye injini kama hii inayoongozwa na kompyuta hakuna skrubu ya kuzungusha. Linahitaji kifaa chake. Plagi tulikuwa tumebadilisha. Taimingi tuliiacha kama ilivyokuwa.

Mtungi wa kuchomelea

Kuna jambo lililotokea katikati ya majuma hayo ambalo nalitaja kwa uzito wote nilio nao. Kijana mmoja, mchomeleaji, aliyekuwa akisikiliza mazungumzo yetu, alisema kwamba tunajisumbua bure kwa kuwa oksijeni ipo pale pale kwenye mtungi wake, tena safi kuliko ya naitrasi. Alisema kwa nia njema.

Nilimshika mkono.

Naitrojeni iliyomo ndani ya naitrasi ndiyo inayoutuliza moto. Ni sehemu kubwa ya uzito wake na haiungui. Oksijeni tupu haina wa kuituliza. Ikiingia kwenye injini ya petroli, pistoni hazitapata hata nafasi ya kuacha vidoa kwenye plagi, na ikikutana na grisi au oili kwenye vali ya mtungi, grisi au oili hiyo inaweza kuwaka bila cheche yoyote. Hata mtungi wa naitrasi haupakwi oili kwenye nyuzi zake, na mikono inayoushika inapaswa kuwa mikavu na safi. Wengine hufikiria mtungi wa naitrasi wa hospitali. Ule ni wa wagonjwa, na hata ungepatikana hauna bomba la ndani la kuchotea kimiminika kutoka chini, kwa hiyo ungetoa gesi tupu na kuvuruga hesabu yote ya jeti. Naitrasi ya magari nayo kwa kawaida hutiwa salfa daioksaidi kidogo ili asiwepo wa kuivuta puani. Mtungi unaovuja ndani ya gari lililofungwa vioo unaisukuma nje hewa ya kupumua, na dereva anaweza kuzimia kabla hajaelewa kinachotokea. Kwa sababu hiyo kuna bomba linalotoka kwenye kizibo cha usalama cha mtungi hadi nje ya bodi ya gari. Kizibo kikipasuka kwa presha, gesi itoke nje. Nalo hilo sikuwa nimelifunga, na mtungi ulikuwa umelala kwenye buti lililopakana na siti ya nyuma.

Taa ya majaribio

Tulifungua injini. Pistoni ya tano ilikuwa na mikwaruzo ukingoni na kichwa chake kimeliwa kidogo upande wa vali ya moshi, kana kwamba panya ameonja. Fundi aliibadilisha, akapima mwanya wa ringi zote sita kwa filagaji, kipimio cha mianya, akaupanua palipohitajika, akafunga.

Mimi nilizing'oa nyaya zangu zote.

Nilianza upya, na safari hii swichi zilifuatana kwenye njia moja: swichi kuu yenye kifuniko, swichi ya throto, swichi ya mizunguko, swichi ya presha ya petroli, na mwisho kitufe cha mpwa wangu. Umeme unapaswa kuruhusiwa na zote tano. Kifaa cha taimingi kiko kwenye njia hiyo hiyo. Mtungi tumeuhamisha ukae kwenye fremu ya chuma, umeinuliwa upande wa vali, vali ikielekea mbele, ili gari linapoondoka kwa nguvu kimiminika kirudi nyuma mahali bomba la ndani linapochotea. Umefunikwa blanketi linaloakisi jua, na geji imeletwa mbele ambapo dereva anaiona. Ikivuka paundi 1,000, haufunguliwi. Unasubiri kivulini, au unawekewa kitambaa chenye maji.

Kuijaribu njia ile hatukutumia naitrasi. Mtungi ulifungwa, solenoidi zote mbili zilichomolewa, mahali pake nikaunganisha taa ya majaribio. Injini ikiwa inanguruma taratibu, mpwa wangu alibonyeza kitufe. Taa haikuwaka. Fundi akapandisha mizunguko hadi 3,500 nami nikaibonyeza swichi ya throto kwa kidole, taa ikawaka. Nikachomoa waya mmoja wa swichi ya presha, kana kwamba pampu imekufa.

Taa ikazimika, kidole cha kijana kikiwa bado juu ya kitufe.

Alibonyeza tena na tena, akanitazama kama mtu aliyenyang'anywa kitu. Nilimwambia aendelee kubonyeza. Nilitaka akizoee kitufe kisichojibu.

Barabara ya Nzega

Limebaki moja ambalo waya hauwezi kulimaliza. Kabla ya yote haya, alikuwa akilijaribu gari alfajiri kwenye barabara iendayo Nzega. Lami ni nzuri na imenyooka. Vilevile ni saa hiyo hiyo ambapo baiskeli zenye magunia ya mkaa zinaingia mjini, bila taa, dereva wake akisukuma kwa mguu na kuangalia chini. Nguvu za ziada hudumu sekunde chache, lakini katika sekunde hizo gari linafika mahali ambapo macho ya dereva hayajafika. Sheria inatutaka tusivuke kilomita 50 kwa saa kwenye makazi, na naitrasi inayoingia mguu ukiwa umekanyaga mafuta hadi mwisho haina namna ya kukaa ndani ya 50.

Nilimwambia hayo kama mjomba wake. Hapa Tabora hatuna uwanja uliofungwa wa kukimbizia magari. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama akipata mahali, penye ruhusa na pasipo na watu, nitakwenda naye. Nilimjibu kwamba nitakwenda, na plagi zitafunguliwa baada ya kila mbio, zote sita.

Hadi siku hiyo mtungi umetoka garini. Uko stoo, umefungwa kwenye nguzo ili usianguke, upande usiopigwa na jua. Ukutani pembeni yake nimechora mistari miwili kwa chaki, mmoja wa saa moja asubuhi na mmoja wa saa nane mchana, na mpwa wangu ndiye anayekuja kusoma geji na kuandika. Jana asubuhi aliandika 880. Mchana aliandika 1,010, akapiga mstari chini yake, akasogeza pazia la dirisha, na kukaa kwenye ndoo kusubiri mshale ushuke.